Sharubu

Siku ya nne hii vidole vyangu vina rangi ya waridi.
Dukani kwa Faki Shaame wananiuliza harusi ya nani,
nami mfuko wa dagaa kwapani
nawajibu: ya ngawa.
Wanacheka, nacheka. Ndimu haiitoi.

Alfajiri naponda dagaa na ndizi zilizoiva mno,
nafungua kichupa kilichokuja kutoka maabara,
natia ncha ya kijiko, si zaidi.
Unga mkavu, mweusi-mweusi, mnyonge,
mpaka tone la maji liuguse:
hapo ndipo unapopiga kelele.
Matonge kumi na mawili, vituo kumi na viwili,
pembezoni mwa msitu wa Ngezi, juu ya jani la mgomba,
kila tonge na namba yake
katika daftari ambalo nalo limeshapakwa hina.

Dokta Sharwa alitueleza taratibu
kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu:
mnyama akila, rangi huingia damuni,
damu huifikisha kwenye shina la unywele,
na sharubu inavyokua huenda na mstari wake,
mwembamba, mchana huuoni.
Mlo mmoja, mstari mmoja.
Imulike kwa taa ya zambarau, itasema.

Bi Mize hakutaka somo. Alitaka ngawa afe.
Kuku watano tangu Mfunguo Tatu,
na yule koo wa madoadoa, mama wa vifaranga tisa,
aliyebakisha bawa moja kando ya kisima.
"Nyinyi ndio mnaowalisha," aliniambia. "Mnawapikia!"
Nikakosa jibu.
Kweli nilikuwa napika.

Baada ya wiki tatu tukatega.
Huko ndani, kwenye mivule na giza lake,
ngawa sita, wenye hasira, wananuka zabadi,
kila mmoja tukamng'oa sharubu moja
na kumwachia njia yake.
Huku Makangale, mabandani na nyuma ya majiko,
mitego ishirini, usiku saba,
tukampata mmoja.

Karani.
Paka wa Bi Mize, mnene kama mto wa sufi,
anayelalia msala wake baina ya adhuhuri na alasiri.

Tulizima taa ya chumba. Dokta akawasha ile ya zambarau.
Sharubu za ngawa: mstari, mistari miwili, moja haina kitu.
Ya Karani ikawaka mara tatu,
kama barabara ya Konde usiku inapopita pikipiki,
taa, giza, taa, giza, taa.
Safari tatu hadi msituni,
na kila alfajiri amerudi kujinyoosha mlangoni
kama mtu aliyelala.

Nani alikula kuku, taa haikusema.
Hilo nalitaja kwa sababu kijiji kizima
kilishasema kwa niaba yake.
Bi Mize alikitazama kile kiunywele kwenye kioo,
akakitazama tena,
akaniambia taa yenu ina fitina,
kisha akaenda kumkatia Karani kichwa cha changu.

Usiku ule Hamad alirudi saa sita, kimya,
akasema mkutano wa ushirika wa karafuu umechelewa.
Nikampakulia. Akala akiwa ameinama,
na masharubu yake, meusi, yamechanwa vizuri,
yakipanda na kushuka.
Kichupa kilikuwa rafuni, nyuma ya kopo la chumvi.
Ncha ya kijiko.
Wiki tatu.

Sikutia.
Si kwa wema, msinisifu.
Nilikumbuka tu kuwa mstari hukwambia alikula,
na pengine wapi,
haukwambii alikuwa na njaa ya nini.

Nikaosha sahani yake.
Maji yakawa ya waridi,
kwa vidole vyangu mwenyewe.